Kilo za Mama Awinja

Nimestaafu miezi mitatu sasa, na mwili bado haujapata habari. Saa kumi na moja alfajiri niko macho, nimevaa, nimekunywa chai, nafagia kibaraza nilichokifagia jana jioni. Nikikaa nasimama. Nikisimama natafuta kitu cha kupima. Juzi nilimpima paka wa jirani kwa mizani ya jikoni, akanikwaruza, na alikuwa na haki. Basi nimechukua daftari. Nyinyi mliobaki kwenye kitengo mliniambia siku ya kuniaga, midomo imejaa keki, kwamba niwaandikie mambo ya kazi. Keki katika kitengo cha lishe. Lakini tuyaache hayo. Niliishia darasa la nane na mkono wangu umezoea tarakimu kuliko maneno, kwa hiyo someni polepole, kama ninavyoandika.

Nilifika Nairobi kutoka Bungoma, nikakaa kwa shangazi yangu Riruta, msichana ambaye akisalimiwa alijibu viatu vyake. Kliniki ile ya katikati ya mji ilinichukua nipige deki na kupika chai. Wiki ya pili, dada aliyekuwa akiwapima wagonjwa uzito aliolewa Kisii, hakurudi, na Madam Wairimu, mtaalamu wetu wa lishe, akaniita.

"Nekesa, unajua kusoma namba?"

"Ndiyo, Madam."

"Sijasikia."

"Ndiyo."

"Ukisoma kilo, zisome nisikie nikiwa mezani. Mimi sisomi midomo."

Basi mgonjwa wa kwanza alipopanda, mama wa ofisi aliyevaa suti, nilijaza kifua hewa nikasema, "Tisini na nane na nusu!" Benchi zima likageuka. Mama akateremka kwenye mizani, akachukua mkoba wake, akateremka na ngazi pia. Madam aliweka kalamu chini. "Nilitaka nisikie mimi," akasema, "si stendi nzima ya basi." Tangu siku hiyo niliandika kilo kwenye kikaratasi na kumpa mkononi, nami nikarudi kwenye kimya changu. Kimya hicho kilinifaa miaka mingi, na mwaka mmoja kilikaribia kumuua mtu. Nitafika hapo.

Mizani yetu ilikuwa ya chuma, ile ya kusukuma vizani, vile vyuma vidogo vya uzito, kwenye mkono wake mpaka usimame sawa. Kila asubuhi kabla ya kufungua niliipandisha pakiti tano za unga wa ugali, za kilo mbili mbili, nione kama inasema kumi. Ikisema tofauti, nilibadilisha unga kwanza, kwa sababu mizani ile ilikuwa na heshima kuliko baadhi ya wasagaji wa unga. Mafuta ya kupikia Madam aliyafundisha kwa kifuniko cha soda: vifuniko vinne kwa sufuria ya sukuma wiki ya watu wanne, na ukiona mafuta yanaelea, umepikia jirani. Ugali aliupima kwa ngumi ya mlaji mwenyewe. "Ngumi yako, mama, si ya bwana yako." Hakumkataza mtu ugali hata siku moja. "Ukimwambia Mluhya aache ugali," alisema akinitazama mimi, "atakuitikia vizuri, ataenda nyumbani, ataula, na mwezi ujao atakudanganya. Sasa una mgonjwa na mwongo kwenye kiti kimoja." Yeye kwao ni Limuru, kwenye mashamba ya viazi, na sikuwahi kumsikia akisema viazi vimezidi.

Wagonjwa walipewa daftari waandike walichokula. Nimesoma madaftari hayo mpaka macho yakachoka, nami nawaambia, Nairobi hii hakuna mtu aliyewahi kula mkate. Watu hula vipande viwili hivi. Hakuna anayekunywa soda, anashushia tu. Chakula cha harusi na cha matanga hakiandikwi kabisa, kwa kuwa kilitoka kwa sufuria ya mtu mwingine. Msicheke mbele yao. Ulizeni habari za jana, msiulize za kila siku. Mtu akiulizwa anakula nini kila siku hukujibu vile angependa kuwa. Akiulizwa jana alikula nini, saa ngapi, na nani alipakua, hukumbuka.

Nimesimama kidogo hapa. Nimechemsha maji, sikuyatumia, nimerudi.

Wamama wa mitaa ya matajiri, Loresho na Kitisuru, walikuja wakitafuta neno moja: umekonda. Ukilisema, mwezi ujao wanakuletea parachichi za shambani kwao. Kwetu Riruta neno hilohilo ni pole. Unashikwa mkono, sauti inashushwa: "Umekonda. Kuko sawa nyumbani?" Maana yake mume hakulishi, au una mawazo, au una ule ugonjwa ambao watu hawautaji, wanainua nyusi tu. Mimi nililala Riruta kila siku. Hayo niliyajua kama ninavyojua jina langu. Sikufikiri kwamba yanahusu kliniki.

Mama Awinja alikuwa na kibanda cha chakula Riruta, pembeni mwa Barabara ya Naivasha: githeri ya mahindi na maharagwe, chapati, chai ya maziwa. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, kicheko cha kuamsha ploti nzima ya wapangaji, na kilo tisini na nne. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na nyayo zilikuwa zimeanza kufa ganzi. Alikanyaga kaa la moto akatembea nalo mpaka akasikia harufu. Hilo ndilo lililomleta.

Madam hakumzungusha. "Tukishusha uzito na sukari, hii miguu utazeeka nayo. Tusiposhusha, siwezi kukuahidi."

"Madam, chukua kilo zote unazotaka," alisema Mama Awinja. "Mimi niachie miguu."

Sijaona mgonjwa aliyefuata maagizo kama yule. Alikaanga chapati kutwa nzima na kula moja, asubuhi. Alipika chai ya sukari ya watu wote, yake akaitoa kando kabla. Alitoka nyumbani mapema akitembea hadi kibandani badala ya kupanda pikipiki. Kidonda cha mguu kikafunga. Sukari ikashuka, kilo zikashuka nayo, na mwezi wa Juni nilisukuma kizani mpaka sabini na nane. Nilimpa kikaratasi akakisoma, hakucheka.

"Sista, huko kwetu wameanza kuniuliza nitazikwa Lang'ata ama nyumbani."

Nilicheka mimi, kicheko kidogo cha aibu, kwa kuwa sikujua la kusema. Kisha nikamwita anayefuata. Nyinyi mnaosoma, mgonjwa akiwaambia maneno kama hayo juu ya mizani, mwiteni anayefuata baadaye.

Julai alikuja na sweta tatu. Nilizihesabu shingoni: ya kijani, ya kahawia, ya bluu juu. Chini ya sketi palikuwa na kitu kinene kilichotembea kivyake.

"Mama, toa sweta," nikasema.

"Ai, sista, na hii baridi?"

Ilikuwa Julai kweli. Hata mimi nilikuwa na sweta. Sheria ilikuwa ukutani, kwa mwandiko wangu mwenyewe: Vua viatu na nguo nzito. Lakini alikuwa mkubwa kwangu, benchi lilikuwa limejaa, naye alikuwa ameshika ukosi wa sweta kwa mikono miwili kama mtu anayeshikilia mlango. Nikaandika sabini na tisa. Agosti nikaandika themanini. Septemba jua lilikuwa limerudi, jasho linamtoka juu ya mdomo, sweta bado tatu. Niliona jasho. Nikaandika themanini na moja.

Madam aliitazama kadi. Sukari ilikuwa nzuri, kilo zilikuwa zinapanda. Sasa, kuna wagonjwa wa sukari wanaojinyima siku mbili kabla ya kliniki ili kipimo kitoke kizuri, na Madam aliujua mchezo huo kuliko wachezaji. Akaamini mizani.

"Mama Awinja, damu inaniambia hivi na mizani inaniambia vile. Unajinyima ukija hapa?"

"Hapana, Madam. Nakula vile ulisema."

"Basi tupunguze. Jioni ugali nusu ngumi. Hiyo chapati ya asubuhi, acha."

Mama Awinja alinigeukia. Mimi nilikuwa napanga kadi ambazo zilikuwa zimepangwa. Akasema, "Sawa, Madam." Naye daktari wa kliniki, alipoona kadi yenye uzito unaopanda, alimwachia vidonge vilevile vya kushusha sukari alivyopewa alipokuwa mwanamke wa kilo tisini na nne.

Siku kumi na moja baadaye alianguka kibandani, saa nne asubuhi, akikoroga. Sukari ilikuwa imeshuka chini mno. Aliangukia sufuria ya maharagwe yanayochemka, na mkono wa kushoto ukaungua hadi kwenye kiwiko. Mzee Njuguna, mwangalizi wa ploti ya nyuma, ndiye aliyetafuta gari la kumpeleka hospitali. Ndiye pia aliyetupigia simu, kwa namba iliyokuwa kwenye kadi ya kliniki.

Madam alikwenda kumwona jioni hiyo. Kesho yake alirudi na karatasi moja. Hospitali ilikuwa imempima: kilo sabini na tano.

"Nekesa," aliniuliza, "mizani yetu imeharibika?"

Mizani ilikuwa ya zamani. Ilikuwa na kutu kwenye mguu mmoja. Hakuna ambaye angeshangaa.

"Pengine," nikasema.

Akamwita fundi, ambaye alisema atakuja baada ya siku mbili. Siku hizo nilipiga deki chumba kimoja mara tatu. Nilipima unga asubuhi, ukasema kumi. Nikaupima tena mchana, nikitamani useme tisa. Siku ya pili nilitoka kazini mapema nikaenda wodini peke yangu.

Mama Awinja alikuwa amelala chali, mkono umefungwa bandeji mpaka juu. Chini ya kitanda palikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki. "Sista, ni vizuri umekuja. Hizo nguo zangu manesi wamechoka nazo. Nipelekee nyumbani."

Nilisimama nimeshika mfuko. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Wewe si unakaa Riruta?" alisema. "Ningekuambia nini hujui?"

Akaendelea, akiangalia dari. "Mimi nikishuka kilo, wateja nao wanashuka. Nani atakula kwa mkono wa mtu anakufa? Njuguna amekula kwangu tangu nifungue, akavuka barabara akaanza kula kwa wengine. Mama mkwe akapigia bwana yangu simu, 'Unamtesa mtoto wa watu.' Nikaona heri nivae. Siku ya kwanza tu na sweta mbili, mtu akaniambia, 'Sasa unarudi kuwa mtu.' Umesikia? Kurudi kuwa mtu." Alivuta shuka kwa mkono mzima. "Mwambie Madam anirudishie kilo zangu. Zote. Nikitoka hapa nitakula kama zamani, na hiyo kliniki yenu sirudi. Miguu nitaona mbele."

Fundi alikuja asubuhi iliyofuata na vyuma vyake vya kupimia. Alivipanga, akavipangua, akasema, "Madam, hii kitu iko sawa kabisa. Itatuzika sisi wote." Madam akasimama pale akitazama mizani kama mtu aliyetukanwa.

Nilikwenda nyuma ya mlango nikauleta ule mfuko niliotoka nao wodini, nikaupandisha kwenye mizani, nikasukuma kizani. Kilo tano na nusu.

"Hizo ni nini?" Madam aliuliza.

"Sweta tatu, petikoti mbili, leso nne. Za Mama Awinja." Kisha yaliyobaki yakatoka. "Niliziona, Madam. Tangu Julai."

Fundi alikumbuka kwamba alikuwa na kazi mahali pengine.

Nilingoja kufukuzwa. Madam alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, ambacho hakuwa akikikalia kamwe. "Wewe uliziona ukanyamaza," akasema. "Mimi nilikaa na huyo mama uso kwa uso miezi mitatu, anatoka jasho, nikaamini kikaratasi." Akavuta kadi. "Andika hapa kilichotokea, kwa mkono wako, uweke sahihi. Daktari apunguze dawa leo hii. Na usinililie. Niambie alizivaa kwa nini."

Nilimweleza. Yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia kwa pamoja.

"Na hayo unayajua miaka yote hii?"

"Kila mtu anayajua, Madam."

"Mimi sikuyajua," alisema. Alikuwa amekaa Loresho muda mrefu. Pengine aliwahi kuyajua akayasahau. Wiki ileile tuliweka pazia mbele ya mizani na joho jepesi la kubadilishia. Kwenye kadi tukaongeza swali lile mnalolilalamikia kwamba linachukua muda: Watu wa kwenu wanasema nini kuhusu mwili wako? Kabla hujampunguzia mtu kilo, uliza nani atazililia. Ukiona kadi na damu havipatani, mtazame mtu.

Lakini Mama Awinja alikuwa amesema harudi, na alikuwa mtu wa kutimiza. Alipotoka hospitali alirudi kibandani na zile sweta, nilizokuwa nimempelekea nyumbani, na siku ya kliniki hakuja. Madam alitaka kwenda Riruta kuzungumza na majirani. Nilipelekwa kuuliza kwanza.

"Aje asimame hapo na hiyo koti nyeupe?" Mama Awinja alisema. "Watasema ameniletea dawa. Akitaka kuja, aje na njaa."

Tulikwenda siku ya mapumziko, saa saba mchana, kama wateja. Jua lilikuwa kali. Ndani walikuwemo mafundi wawili wa pikipiki tu, mahali ambapo zamani ungengojea kiti. Mama Awinja alitupakulia githeri kwa mkono mmoja, jasho likimdondoka kidevuni. Sweta tatu. Chapati mbili zilizoliwa nusu zilikuwa kwenye sahani yake, kando ya jiko, na Madam aliziona, na nilimwona akiziona, na hakusema kitu. Sijui alijizuia vipi. Mimi miguu yangu ilikuwa haitulii chini ya meza.

Mzee Njuguna alikuja mpaka mlangoni, kofia mkononi. Hakuingia.

"Keti, Mzee," Mama Awinja alimwambia.

"Ah, nimeshakula. Nilikuwa naona tu kama umepata nguvu." Akamtazama juu mpaka chini, akaridhika. "Lakini hata na hospitali, umerudi kuwa mtu."

Mama Awinja aliweka mwiko chini.

"Njuguna, shika hii," akasema, akaanza kuvua ya bluu. Mkono wa bandeji ulikwama. Nilinyanyuka nikamsaidia na mkono wa sweta. Ikatoka. Ikatoka ya kahawia. Ikatoka ya kijani. Kila moja aliiweka mikononi mwa Mzee Njuguna, naye alizipokea kwa sababu hakujua njia ya kutozipokea. Mama Awinja akabaki na blauzi, mabega yametokeza, shingo nyembamba juu ya ukosi uliokuwa mkubwa kwake.

"Mtu ndio huyu," akasema. "Hakuna mwingine. Niko na sukari. Si ile mmekuwa mkinizikia. Sukari, na dawa yake moja ni kula kidogo, nikala kidogo, nikakonda, mkakimbia. Anayeogopa chakula yangu aende, sitamshika. Lakini aende akijua sukari haiambukizi kwa kijiko."

"Si ndio hiyo unaweka kwa chai?" alisema fundi mmoja.

"Hiyo ni yako. Yangu iko kwa damu."

Mwenzake alicheka, lakini walinyanyuka wote wawili, na mmoja aliacha sahani nusu. Nilikula kibandani pale miaka mingine mingi, na wale mafundi sikuwaona tena.

Mzee Njuguna hakuondoka. Alisimama na sweta zake kama mtu aliyetumwa kuanua nguo. Kisha akaingia, akaziweka kwenye benchi, akakaa karibu nazo. "Niwekee hiyo githeri," akasema. "Na usinipunje eti kwa sababu umekonda." Mama Awinja akampakulia. Alipopita kando ya jiko, alichukua ile sahani yake ya chapati akaitia kwenye ndoo ya makombo, na kwa mara ya kwanza siku ile Madam akala.

Mzee Njuguna alikula vijiko vitatu vinne. Akainama, si kwa Madam, kwangu mimi.

"Msichana. Miguu ikisikia kama imevaa soksi, na haijavaa, hiyo ni nini?"

Nilimtazama Madam. Madam alikuwa ameshughulika sana na githeri yake.

"Hiyo ni ya kupimwa, Mzee," nikasema. "Njoo Jumatatu saa mbili. Usile kwanza."

"Na watu?"

"Kuna pazia."

Alifikiri. "Jumatatu," akasema.

"Na ukifika utavua koti."

"Koti? Kwani koti limefanya nini?"

"Utalivua, Mzee," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka Mama Awinja akageuka na mwiko mkononi.

"Na ndani uvae shati halina matundu, Njuguna," akasema. "Hawa watu wataliona."